Mbuzi wa Hereni za Njano

Nianze na hili mapema ili lisije likanifuata nyuma: nyama ninakula. Jumamosi nikipata nafasi hushuka Kenyatta Market, ambako dada yangu ana saluni, na kabla hajanigusa kichwa huwa tumeshaagiza mbavu za mbuzi, ugali, na kachumbari yenye pilipili ya kumtoa mtu kamasi. Ninasema hivi kwa sababu wako watu katika chuo chetu ambao mpaka leo wanaeneza kwamba niliwaharibia sherehe kwa kuwa nina huruma za kizungu. Huruma zangu zilizaliwa magharibi mwa Kenya, katika boma lenye mbuzi na kuku, na hazijawahi kupanda ndege.

Mimi ni daktari wa mifugo. Baada ya miaka ya kuzunguka mashambani nikitibu ng'ombe wa watu, niliajiriwa kuangalia wanyama wa utafiti katika chuo kikuu kimoja, kwenye banda lake lililo upande wa Uthiru, kando kidogo ya Waiyaki Way. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Mtafiti anataka majibu, mnyama hana mdomo wa kukataa, na mimi nimewekwa katikati. Juu yangu kuna kamati ya maadili inayokutana katikati ya jiji, na hakuna panya, sungura wala mbuzi anayeguswa kabla kamati haijakubali ataguswa vipi, atatunzwa vipi, na mwisho wake utakuwa nini. Kwenye karatasi mambo ni mazuri sana. Wakati wa kisa hiki nilikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio ya kazi, kile ambamo mtu anaweza kuambiwa kwaheri bila kupewa sababu.

Utafiti wa kwanza nilioukuta bandani ulikuwa wa mwanafunzi wa uzamifu, binti mmoja mwangalifu aliyekuwa akijaribu dawa ya minyoo. Dawa ilitokana na magome ya mti ambao wafugaji huuchemsha tangu zamani, na yeye alitaka kujua kama kweli inasaidia. Alikuwa na mbuzi majike kumi na wawili, wote wametiwa minyoo kwa makusudi. Nusu yao walinyweshwa dawa, na hao walivishwa hereni nyeupe za plastiki masikioni. Nusu hawakupewa chochote, ili wawe wa kulinganishia, na hao walivishwa hereni za njano. Kila kundi lilikuwa na chumba chake, na ukuta wa fito ukiwatenganisha.

Minyoo ile hunyonya damu, na mbuzi mwenye minyoo hiyo hujulikana kwa kope. Unaivuta kope ya chini kwa kidole gumba, unatazama ndani yake. Ikiwa nyekundu, yuko salama. Ikififia, anza kuwaza. Ikiwa nyeupe, usiende nyumbani kabla hujamtibu.

Asubuhi moja ya baridi, utafiti ukikaribia kwisha, binti yule alinijia na macho mekundu kuliko kope za mbuzi wake. Alikuwa ametoka kuwapima uzito.

"Daktari, dawa yangu inawakondesha," akasema. "Wale sijawapa kitu ndio wananenepa. Wale nawapa dawa wamebaki vile vile. Mimi nimekuwa nikiwapa sumu miezi yote hii?"

Niliingia naye ndani. Nikawapapasa wa njano migongo, na kweli, uti wa mgongo ulikuwa umefunikwa na nyama, kiuno kimejaa. Kisha nikawavuta kope. Zilikuwa zimefifia, na za mmoja zilikuwa nyeupe kabisa. Mbuzi aliyenyonywa damu kiasi hicho anapaswa kuwa mifupa inayotembea. Hawa walikuwa wagonjwa na wanono kwa wakati mmoja, jambo ambalo katika kazi yangu yote sikuwa nimeliona. Nikamwambia binti aende akapumzike, nami nikaamua kukaa bandani mpaka nielewe.

Sikungoja sana. Saa ya chakula cha mchana ilipofika, watu wa idara walianza kuteremka mmoja mmoja kama waendao kumwona mgonjwa hospitalini, kila mtu na kifurushi chake. Mhadhiri mmoja alileta majani ya kabichi. Karani alileta ukoko wa ugali kwenye karatasi. Fundi wa maabara alileta pumba za mahindi, debe zima. Wote walikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha njano. Mbuzi wa njano walishazoea, walikuja mbio wakipandana. Upande wa pili, wa hereni nyeupe walisimama wametoa pua kwenye fito, wakitazama wenzao wakila.

Mwishowe akaja mwenyekiti wa idara mwenyewe, profesa mwenye koti zuri na mfuko wa maganda ya ndizi. Huyo pia ndiye aliyekuwa msimamizi wa binti yule. Akamwita jike mmoja mwenye mgongo mweusi, akampapasa kiuno kama mnunuzi.

"Huyu ni wangu," akawaambia wenzake. "Mtu asinigusie huyu."

"Wako wa nini, Prof?" nikauliza.

Wote wakacheka. Ndipo nikaelezwa, kwa upole, kama mgeni anayefundishwa mila za ukoo alikoolewa. Mwanafunzi akimaliza utafiti wake, idara huwa na sherehe, na sherehe hiyo inaitwa kuvunja banda. Wale waliopewa dawa huuawa kwa sindano, maini yao yakachunguzwe, na mizoga huenda tanurini. Wale wa kulinganishia hawana dawa mwilini. Hao huchomwa nyuma ya stoo, na kila mtu anakula, kuanzia profesa hadi askari wa langoni.

"Hao ni clean kabisa, Daktari," profesa akasema. "Ni tradition. Hata wewe Ijumaa usikose, tutakuwekea figo."

"Na kwa kamati mliandika mwisho wao utakuwa nini?"

"Tuliandika wataondolewa kwa njia inayofaa." Akatabasamu. "Si hii inafaa?"

Nilihisi uso ukiniwaka. Sio kwa sababu ya kuliwa kwao, nimeshasema. Niliwaka kwa sababu papo hapo nilielewa kitu ambacho hakuna hata mmoja wao, na vyeti vyao vyote vya ukutani, alikuwa amejisumbua kukiwazia. Tangu siku ya kwanza kila mtu alijua nani ataliwa. Kwa hiyo kila mtu aliwanenepesha wale watakaoliwa. Halafu mwanafunzi akaja na mizani yake, akaandika kwamba mbuzi wasiopewa dawa wanastawi kuliko waliopewa. Dawa ya watu ikasingiziwa sumu kwa sababu ya hamu ya nyama.

Na lilikuwapo jingine baya zaidi. Masharti ya kamati yalisema mbuzi yeyote wa kulinganishia akikonda kupita kiasi atolewe kwenye utafiti na kutibiwa mara moja. Hiyo ndiyo ilikuwa kinga yao pekee. Lakini hawakukonda, maana pumba na ukoko viliwashikilia uzito huku damu ikiwaisha ndani. Kile chakula ambacho watu walijiona wakarimu kukileta ndicho kilichowanyima dawa.

Hapo hapo nikamtoa yule mwenye kope nyeupe na kumnywesha dawa ya minyoo ya dukani. Kwa hilo sihitaji ruhusa ya mtu. Mnyama akiugua mbele yangu ninamtibu, ndiyo sababu nipo. Profesa alinitazama nikimshika taya mbuzi wa watu, na kicheko kikamtoka usoni.

"Sasa huyo si ndio hawezi liwa tena?" akasema. "Hiyo dawa inakaa kwa nyama wiki ngapi! Daktari, ungengoja Ijumaa ipite."

Nikaendelea kumnywesha. Lakini maneno yake niliyaweka akilini.

Nilipomwambia binti nilichokiona, na kwamba ninakipeleka kwa kamati, sikupata shukrani. Alinifuata mpaka kwenye ngazi.

"Daktari, tafadhali," akasema. "Mimi nikimaliza hivi hivi nitapita. Nitaandika dawa haikufanya kazi. Majibu mabaya pia ni majibu."

"Majibu mabaya ni majibu," nikamwambia. "Haya si majibu. Haya ni menyu."

"Ni rahisi kwako kusema. Wewe ulishamaliza kusoma."

Akaondoka analia. Iliniuma, kwa sababu alikuwa sahihi kwamba ni rahisi kwangu, na kwa sababu yeye ndiye pekee katika idara nzima ambaye hakuwa amewalisha wale mbuzi hata jani. Nilikwenda hata hivyo.

Kamati ilikutana Jumatano katika chumba cha ghorofa ya juu katikati ya jiji, honi zikitupandia kutoka barabarani. Kamati ya namna hii haina budi kuwa na mtu mmoja asiye mtafiti, awe macho ya watu wa nje. Wetu ni mama mmoja wa Parklands, mwenye nywele nyeupe, aliyeendesha duka la vitambaa na marehemu mume wake. Kwa dini yake hali nyama wala mayai. Kila ombi la utafiti linapoletwa yeye huuliza swali moja, "Na mwisho wao?" na kila mara watu hutabasamu na kumsomea sentensi ile ile kuhusu njia inayofaa.

Nilieleza yote: hereni, pumba, kope. Nilipofika kwenye sherehe watu wakaanza kujikuna. Mama wa Parklands akaweka kalamu chini.

"Yaani swali langu miaka hii yote," akasema taratibu, "jibu lake lilikuwa makaa?"

Profesa wetu, ambaye alikuwa ameitwa kujieleza, akamgeukia kwa adabu nyingi. "Mama, tunakuheshimu sana. Lakini with respect, wewe hata yai huli. Mambo ya nyama huwezi kuyaelewa."

Wajumbe wakacheka. Kile kicheko ndicho kilichonipandisha mori.

"Mimi ninakula," nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. "Ninakula mbavu, ninakula figo, ninanyonya mpaka uboho. Kwa hiyo mimi hamwezi kuniambia sielewi. Sisemi mbuzi asiliwe. Ninasema mtu hawezi kuwa mpimaji wa mbuzi na mlaji wa mbuzi huyo huyo. Hawa tuliwatia minyoo makusudi. Tukawanyima dawa makusudi. Tukawachoma sindano za kutoa damu kila wiki. Tulichokiahidi kwa mateso yote hayo ni kitu kimoja, majibu ya kweli. Hata hicho hatuna. Mkiniuliza kimekwenda wapi, kimekwenda kwenye maganda ya ndizi ya Prof."

Profesa akasema mbuzi ni mbuzi, hata tusipomla sisi ataliwa na mwingine. Nikamwambia sawa, na aliwe na mwingine, mtu ambaye hakumtamani huku ameshika mizani.

Nao wakakubali. Waliandika kanuni mpya: mnyama wa utafiti asiliwe na watu wa idara inayomtafiti, mbuzi wavishwe hereni za rangi moja na wanyweshwe kutoka chupa zinazofanana, za dawa au za maji matupu, wasiohusika na utafiti wasiingie bandani, na anayejua nani yuko kundi gani awe mtu mmoja tu asiyefanya kazi humo, yaani mama wa Parklands. Wale wasiohitaji kuuawa wapelekwe shamba la chuo wakazae. Nilikuwa nimeanza kupumua pale aliyeongoza kikao alipokohoa na kusema kwamba, kwa kuwa sherehe ya Ijumaa ilikwishatangazwa na wageni wamealikwa, kanuni ianze na muhula mpya. Hii moja ipite.

Hii moja ipite! Hayo ndiyo maneno yanayoiua nchi hii. Kila jambo jema kwetu huanza mwakani. Nilibisha mpaka nikaambiwa niketi. Mama wa Parklands alikataa kuinua mkono, akawa mmoja dhidi ya wote, maana mimi sina kura.

Kutoka hapo nilikwenda Kenyatta Market na hasira zangu, nikaketi kwenye kiti cha dada yangu nisukwe. Nilimsimulia huku akinivuta nywele.

"Wee!" akasema. "Unataka kufutwa kazi juu ya mbuzi? Hata hizo mbuzi zikikuskia zitakucheka. Na hapa umeagiza mbavu."

"Hizi mbavu hazikunidai kitu."

"Na hizo zingine zinakudai nini?"

Nilifikiri kwanza. "Zilinidai dawa," nikasema. "Zimeumwa mbele yangu, na mimi ndiye daktari wao."

"Basi si uzipatie dawa," dada akasema, akaendelea kusuka, kama mtu aliyesema kitu cha kawaida. Nami nikakaa wima ghafla hata akanipiga bega na kitana.

Alhamisi niliwaua wale sita wa hereni nyeupe. Sitaipamba. Nilikuwa nimeiomba kamati iwaache, kwa kuwa uzito wao haukuwa na maana tena, wakasema maini bado yana maana. Walikuja mkononi mwangu mmoja mmoja, wapole, wakinusa mfuko wa koti langu wakidhani mwishowe na wao wameletewa kitu. Niliwadunga mimi mwenyewe kwa sababu nina mkono mwepesi na sikutaka wapate mkono mwingine. Nikaoga, nikalala, na nilipoamka sikuwa na hofu ya kufutwa kazi tena.

Ijumaa asubuhi niliingia bandani kabla ya wachomaji. Utafiti ulikuwa umefungwa rasmi. Damu ya mwisho ilichukuliwa jana yake. Nikachukua chupa ya dawa ya minyoo na bomba la kunyweshea. Nilipogeuka nikamwona binti amesimama mlangoni amevaa gambuti.

"Jana nilikaa hapa saa ya lunch," akasema. "Nilitaka kuona kama unanidanganya. Walileta hadi mkate. Walipita mbele yangu na mkate, wakanisalimia."

Akaingia, akamshika wa kwanza pembe, akamwinua kichwa vizuri, nami nikatia bomba pembeni mwa mdomo na kumnywesha. Tukaenda hivyo, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa kipimo cha uzito wake. Nje tulisikia viti vya plastiki vikishushwa, kreti za soda zikigongana, mtu akipepea makaa.

Profesa aliingia ameshakunja mikono ya shati, akasimama ghafla.

"Daktari. Unafanya nini?"

"Ninatibu."

"Leo?"

"Utafiti umefungwa. Hawa ni wagonjwa tangu mwanzo, na mlikuwa na sababu ya kuwanyima dawa. Sababu imekwisha. Ulitaka niwatibu lini, wakiwa kwenye sinia?"

Alininyang'anya ile chupa, akapandisha miwani na kusoma maandishi madogo. Nilijua amefika wapi kwa jinsi shingo yake ilivyovimba. Nyama isiliwe mpaka wiki kadhaa zipite baada ya dawa.

"Uko probation, unajua?" akasema kwa sauti ya chini.

"Ninajua, Prof. Amebaki mmoja, huyo wako wa mgongo mweusi. Anasumbua. Ukitaka kutusaidia, mshike miguu."

Hakumshika. Alitoka, na nje kukawa na makelele, kisha nikasikia mtu akitumwa kuku. Walikula kuku wa kukaanga na kachumbari iliyotayarishwa kwa mbuzi. Mimi na binti hatukualikwa, na tulikula mandazi tumeketi juu ya magunia ya nyasi. Nitasema ukweli: sijawahi kufurahia mandazi namna ile.

Profesa hakukata tamaa. Aliwaambia watu kwamba wiki si nyingi, dawa itaisha mwilini, sherehe itafanyika tu. Alisahau kutazama kalenda. Dawa ilipoisha, muhula mpya ulikuwa umeanza, na kanuni nayo ikaanza. Wale majike waliingia kwenye lori la shamba la chuo mchana kweupe, nami nikafunga mlango wa lori kwa mkono wangu.

Ningependa kuishia hapo, nikiwa nimeshinda. Lakini watu hawanipi nafasi ya kuishia hapo, kwa sababu baadaye profesa alirudi kwenye kamati na ombi jipya. Mwanafunzi wake alikuwa ameandika ukweli, kwamba ulinganisho uliharibika na kwa sababu gani, na asingeweza kumaliza bila kuurudia utafiti. Walihitaji mbuzi wengine kumi na wawili. Wote watiwe minyoo, wengine wanyimwe dawa, wengine wadungwe sindano na mimi.

"Si ni Daktari mwenyewe alisema majibu yameharibika?" profesa akasema, akinitazama moja kwa moja. "Basi atupe mbuzi."

Mama wa Parklands hakuuliza mwisho wao safari hii. Aliuliza, "Na wale sita wa kwanza walikufa kwa ajili ya nini?" Kila mtu alitazama makaratasi yake.

Kura sina, lakini mbuzi hawaingii bandani bila sahihi yangu, kwa hiyo nilikuwa na uwezo wa kukataa, na Mungu anajua nilitaka. Ningekataa, swali la ule mti lingebaki wazi, wafugaji wangeendelea kuchemsha magome bila kujua wanawapa mbuzi wao dawa au maji machungu, na wale sita wangekuwa wamekufa bure daima. Nikakubali, kwa sharti moja. Nikasema anayewaomba awashike. Siku ya kuwatia minyoo sitaki vijana wa banda wala mwanafunzi peke yake. Ninamtaka mwenye sahihi ya kwanza kwenye ombi, ashuke Uthiru, avae ovaroli, amshike kila mbuzi mpaka amalize kumeza. Profesa alicheka akidhani ni utani. Mama wa Parklands akainua mkono, na safari hii mikono mingine ikamfuata.

Barua ya kuthibitishwa kazini haijanifikia hadi leo. Kazini ninakwenda kila asubuhi, na yeyote anayetaka kuniondoa anajua mlango ulipo.

Profesa alishuka. Ovaroli ilimbana tumbo, viatu alikuwa amekuja na vile vizuri, na mbuzi wa kwanza alivikojolea. Sikucheka, ingawa binti aligeukia ukutani. Profesa alimshika yule mbuzi kifuani kwake kama nilivyomwonyesha, mkono mmoja chini ya taya, na mbuzi akalia ile sauti yao inayofanana na ya mtoto. Nikamnywesha maji yenye viluwiluwi vya minyoo. Profesa alilihisi koo likipanda na kushuka chini ya vidole vyake, maana nilimwona akitazama mkono wake. Alibaki amemshika muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Huyu ni wa kundi gani?" akaniuliza, na sauti yake haikuwa ya mwenyekiti wa idara. "Wa kupewa dawa ama wa kunyimwa?"

"Mimi sijui," nikamwambia. "Na wewe hutajua."

Akamwachia. Nikamwambia amlete mwingine.